Mkono wa Mboga

Mwaka ule tulikula viazi ambavyo hatukuvipanda. Asubuhi viazi, mchana viazi, jioni viazi vya kupondwa na majani ya malenge, na Jumapili viazi vilevile, ila tulivila tukiwa tumeoga. Waliovipanda walikuwa wamebebwa na malori ya serikali asubuhi moja, wao na kuku wao, katika ile miaka ya hatari. Walipelekwa mahali palipoitwa kwao, ingawa wengine walikuwa wamezaliwa palepale shambani na huko kwao hawakukujua. Viazi vilibaki ardhini. Sisi tukaja tukavichimba.

Wajukuu wangu wakiniuliza huo ulikuwa mwaka gani, tarehe sina. Shule niliikalia kidogo tu, nikatoka nikijua kuandika jina langu na kusoma Biblia kwa kidole. Lakini viazi navikumbuka. Vilikuwa vyeupe, vikubwa kama ngumi ya mwanamume, na kila nilipomenya kimoja niliona kama mwenyewe amesimama mlangoni, anatazama ninavyotupa ganda nene.

Wananiuliza pia tulifikaje Nakuru mjini, na kwa nini hatukubaki kule juu upande wa Elburgon tungoje kupata shamba kama wenzetu. Nawaambia ni kwa sababu ya debe. Wanacheka, wanafikiri nyanya yao ameanza kuchanganyikiwa. Juzi mmoja wao alikuja kwangu amevimba kama chura, eti mkubwa wake ofisini amemwambia kazi yake haijanyooka. Alikunywa chai yangu yote akimsema huyo mkubwa. Nikamuuliza, na hiyo kazi, ilikuwa imenyooka? Akaweka kikombe chini akaenda zake. Basi hii nimemwandikisha mdogo wake, ni yake, asome akiwa peke yake. Nilikuwa mtu asiyeambilika kuliko yeye.

Tulitoka magharibi watu watatu: mimi, mume wangu, na mtoto mgongoni. Mama mkwe alisimama uani akasema, "Nenda. Kabla mahindi hayajakauka utakuwa hapa unaniomba unga." Nikamjibu mbele ya watu kwamba siku akiniona narudi mikono mitupu anifungulie mbwa. Maneno hayo yalinifuata safari nzima. Ukishasema neno kama hilo, njia ya kurudi umeichimba mwenyewe ikawa shimo.

Mume wangu alipata kazi ya kupasua mbao, na kabla ya miezi mitatu msumeno ulimla vidole viwili vya mkono wa kulia. Akapewa kitambaa cha kufungia na kwaheri. Tukasikia kwamba huko juu, karibu na msitu, kuna shamba la pareto la mzungu, wachumaji wamebebwa, maua yanaiva na mikono hakuna. Tukapanda kwa miguu. Nyapara akautazama mkono wa mume wangu, akaitazama yangu, akaandika jina langu. Kwa hiyo nyumba tuliyopewa ilikuwa ya jina langu. Sheria ilikuwa hiyo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili: jina likitoka kwenye kitabu cha nyapara, na wewe unatoka kwenye nyumba siku hiyohiyo.

Nyumba yenyewe tuliikuta na jivu la moto wa watu. Nyuma ya mlango kulikuwa na mwiko, umeungua upande mmoja, na pale pa kushikia pamelainishwa na mkono wa mwanamke nisiyemjua. Nilipikia mwiko huo kwa sababu sikuwa na mwingine. Siku tulipotoka niliuacha palepale nyuma ya mlango nilipoukuta. Lakini sikuwahi kukaa katika nyumba ile nikatulia. Nikiketi, nasimama. Nikisimama, natoka nje kuangalia barabara ya malori. Mume wangu aliniuliza nangoja nani. Nilimwambia singoji mtu, nanyoosha miguu.

Kazi ya pareto mtu akiiona kwa mbali anaidharau. Ni maua meupe yenye kiini cha njano, mistari na mistari mpaka ilipoanza miti, na wanawake wameinama. Lakini lile ua lina saa yake. Likiwa limefumba, ile dawa ya kuulia wadudu haijaingia. Likipitiliza, dawa imekwenda. Unalitaka lifunguke mpaka yale majani yake meupe yalale sawa, hapo unachukua kichwa, kichwa peke yake, bila kikonyo. Kikonyo kikiingia hakikauki pamoja na ua. Kwenye banda la kukaushia kinabaki na maji yake, kinaozesha walio jirani. Na baridi ya kule, sitaki kuisema. Umande unakulowesha mpaka kiunoni, vidole vinakufa, halafu jua likitoka vumbi la maua linakuwasha midomo na unapiga chafya kama mbuzi.

Mimi siku ya kwanza nilijiona fundi. Kwetu nimechuma mboga tangu sijaota meno ya pili: kunde, mrenda, majani ya malenge. Unaweka ukucha wa gumba kwenye kikonyo, unakata, unakwenda. Pareto nikaichuma hivyohivyo. Debe langu lilijaa wakati wenzangu wako nusu, nikalibeba kichwani nikipita katikati yao natazama mbele tu, kwa maringo.

Mbele ya banda palikuwa na turubai limetandikwa chini. Nyapara alikuwa mtu mrefu, koti la jeshi, filimbi shingoni ambayo sikumsikia akiipiga hata siku moja. Alikuwa na desturi yake. Alitia mkono ndani ya debe mpaka kiwiko kikapotea, akatoa konzi moja ya chini kabisa, akaitazama. Ikiwa safi alisema, "Pita." Ikiwa mbaya hakusema kitu. Aliliinua debe mpaka kifuani akalimwaga lote juu ya turubai, taratibu, na wanawake wote walitakiwa kusimama mpaka ua la mwisho lianguke. Kisha mwenye debe anapiga magoti, anachambua vikonyo kimoja kimoja, huku wenzake wanampita na madebe yao vichwani.

Langu lilimwagwa siku ileile ya kwanza.

"Tazameni," nyapara akasema. "Huyu ametuletea mboga. Nani ana sufuria?"

Wakacheka. Na jina likanishika hapohapo: Mama Mboga.

Nilipiga magoti, lakini mdomo wangu haukupiga magoti. Nilisema mtoto alikuwa analia. Nilisema mstari niliopewa ni mbaya. Nilisema debe si langu, limebadilishwa. Nilisema kwetu ndivyo tunavyochuma na hatujafa. Kila nilichosema kiliwapa kicheko kipya. Kesho yake likamwagwa tena. Wiki ilipokwisha, nyapara alifungua kitabu chake na bila kuniangalia akasema, "Mkono usiojifunza dawa yake ninayo. Dawa yake ni lori."

Kwenye mstari wa kando yangu alikuwa mama mmoja wa Kikipsigis, amenizidi miaka kama ishirini, masikio yake yametobolewa yakaning'inia. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na changu hakikuwa kikubwa. Alichuma bila haraka na debe lake lilipita kila siku. Asubuhi moja alisimama, akautazama mkono wangu ukifanya kazi.

"Wewe," akasema, "mkono yako ni ya mboga."

"Na yako ni ya maziwa," nikamjibu. "Nenda ukakamue ng'ombe."

Nilitaka aumie. Yeye akautazama mkono wake, akaufungua na kuufunga, kama mtu anayekamua kweli.

"Ndiyo," akasema. "Ni ya maziwa. Mimi nilikuwa navuta ua kama chuchu. Nyapara ilimwaga yangu mwezi nzima."

Akainama akaendelea.

Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimerusha jiwe na sikulisikia likigonga kitu. Ningejua la kufanya kama angenitukana. Matusi nilikuwa nayo ya kutosha, nimeyapanga. Nilichuma mstari ule wote na hasira isiyo na mahali pa kuketi, nikarudi nyumbani nikaosha sufuria iliyokuwa safi, nikafagia uwanja uliokuwa umefagiwa.

Jumapili mume wangu aliketi na bakuli lake, akala kijiko cha kwanza.

"Mama watoto," akasema, "leo umesahau chumvi."

Nikamrukia. Nilimwambia akanunue yeye, mwenye vidole vya kuchagua. Nilimwambia mama yake amenisema, nyapara ananisema, yule mama wa maziwa ananisema, sasa na yeye. Nilimwambia kuni ni mbichi na mwiko si wangu. Akaliweka bakuli chini.

"Mimi nimesema chumvi," akasema. "Sijasema wewe."

Akamchukua mtoto wakatoka. Nilivuta bakuli lake nikaonja. Viazi havikuwa na chumvi hata punje moja. Na mimi langu nilikuwa nimelimaliza lote, nimelamba na kijiko, bila kujua.

Hapo niliingiwa na hofu, na haikuwa hofu ya nyapara. Niliona naweza kula mwaka mzima chakula kisicho na chumvi, na kila anayeniambia namfukuza, mpaka nibaki na bakuli langu peke yangu.

Jumatatu nilimwendea yule mama kabla hajafunga gunia lake kiunoni. Nikaunyoosha mkono wangu mbele yake kama mtu anayeonyesha kidonda.

"Nionyeshe," nikasema.

Alichana upindo wa leso yake, akalifunga gumba langu la kulia, akazungusha na kuzungusha mpaka ukucha haukuonekana.

"Hii ilale," akasema. "Hii ndiyo mwizi."

Ua linaingia katikati ya vidole viwili, kiganja juu, chini kidogo ya kichwa, halafu unanyanyua kama kitana kinavyopita kwenye nywele. Kichwa kinajitoa chenyewe. Siku ile nilipata nusu debe tu, na gumba lilikuwa linacheza ndani ya kitambaa kama panya ndani ya mfuko. Nyapara alitia mkono, akatoa konzi, akatazama muda mrefu kuliko kawaida. "Pita," akasema, "lakini na nusu debe utapita mpaka lini?"

Yule mama naye alikuwa na ukaguzi wake. Kila alipokuwa sambamba nami alitia mkono kwenye debe langu, akatafuta, akatoa ua lenye kikonyo, akaniwekea kiganjani. Hakusema kitu na hakumwita mtu. Mimi nalitazama, nakata kikonyo, nalirudisha. Kuna siku aliniwekea maua manane, na la nane nilitamani kumrudishia usoni. Nilinyamaza. Usidhani ulikuwa upole. Mdomo ulikuwa umejaa, sikujua nianze na lipi. Lakini siku zilikwenda, mkono wake ukawa unakaa zaidi ndani ya debe, unatafuta. Siku ya kwanza ulipotoka mtupu alijinyoosha akasema, "Pita," kwa sauti nene ya nyapara, na tulicheka mpaka nyapara mwenyewe akageuka.

Mvua ndefu zilipokwisha, nyapara aliongezewa shamba la chini. Bwana mkubwa, yule mzungu mwenye shamba, akasema atafutwe mchumaji mmoja wa kukagua madebe kwenye turubai, achukuliwe mwenye debe safi kuliko wote. Nikachukuliwa mimi, Mama Mboga. Mume wangu aliposikia alicheka mara ya kwanza tangu msumeno. Jina langu lilihamia ukurasa wa mbele wa kitabu.

"Kazi ni ileile," nyapara akaniambia. "Konzi ya chini. Mbaya, mwaga."

Nikamwaga. Sitaficha. Wiki ya kwanza nilimwaga madebe matatu, moja likiwa la yule aliyenicheka zaidi, na nilimwaga taratibu kuliko nyapara mwenyewe. Ilinipendeza. Kuna utamu kusimama huku maua yanaanguka na mwenye maua anatafuta maneno. Na maneno yenyewe niliyajua yote kabla hajayasema: mtoto, mstari, debe si langu.

Tulipokuwa tukirudi, yule mama wa Kikipsigis alinikuta njiani, mzigo wa kuni mgongoni.

"Mkono yako sasa ni ya nyapara," akasema.

Nikamwambia ukaguzi haujui. Nikamwambia bwana mkubwa ndiye aliyetaka. Nikamwambia mengi, mpaka njia yake ikaachana na yangu na bado nasema, mtoto mgongoni ndiye msikilizaji. Lakini safari hii nilikasirika siku mbili tu. Siku ya tatu nilienda kwenye turubai nikiangalia kwa macho mengine. Yule aliyenicheka, niliyemmwagia, hakuwa amebadilika. Vikonyo vilikuwa vilevile, ila sasa ameviweka katikati ya debe, kwa kuwa amejua mkono wangu unakwenda chini. Nilikuwa nimemfundisha kuficha. Kuchuma sikuwa nimemfundisha.

Basi nikaacha kungojea kwenye turubai. Nilianza kupita mistarini asubuhi, debe likiwa robo. Debe likishajaa mtu hasikii tena, limekuwa jasho lake, ukiligusa umemgusa yeye. Likiwa robo bado anasikia. Natia mkono, natoa ua moja, naweka kiganjani, napita. Usifikiri walinipenda. Mmoja aliniuliza, "Umetumwa na nani, wewe Mama Mboga?" Nikamwambia, "Nimetumwa na kikonyo." Yule niliyemmwagia alilitupa ua chini mbele yangu akalikanyaga. Kesho yake nikampa jingine. Keshokutwa jingine. La nne alilitazama. Wengine niliwafunga gumba, na leso yangu iliisha kwa kuchanwa, nikabaki na kipande cha kufunikia kichwa cha mtoto.

Hata nyumbani nilijaribu kubadilika. Nilimwekea mume wangu bakuli nikamuuliza, "Chumvi?" Akala, akafikiri, akasema, "Imezidi." Niliuma ulimi mpaka machozi yakanitoka, nikasema sawa. Alicheka hivi kwamba nilijua ilikuwa sawasawa tangu mwanzo.

Halafu nikaanza kuona vikonyo mahali ambapo sikutaka kuviona.

Asubuhi moja ya ukungu nilimwona yule mama akilipapasa ua badala ya kulitazama. Nikatia mkono kwenye debe lake, kwa desturi tu, nikatoa kikonyo. Nikatia tena, kingine. Nilitaka kuvirudisha. Huyu ndiye aliyenifunga gumba. Nikamwekea ua moja kiganjani. Akalileta karibu na uso, karibu kabisa, mpaka likagusa pua.

"Hii si yangu," akasema. "Ni mstari. Mstari ni mbaya leo."

Maneno yangu mwenyewe, yametoka kwenye mdomo wake. Ingekuwa rahisi kusema kweli mama, mstari ni mbaya, nikapita, akabaki nao. Nilichuchumaa tukawa sawa.

"Mama," nikasema, "si mstari. Ni macho."

Alichuma maua matatu, manne.

"Tangu mvua," akasema.

Hakuwa amemwambia mtu. Nyumba yake pia ilikuwa ya jina lake, na ndani mlikuwa na wajukuu wawili ambao mama yao alikuwa amekufa. Nikamuuliza kama gumba lake, lile lisilo mwizi, linaweza kujua kikonyo bila macho. Akajaribu. Akalipitisha chini ya kichwa cha ua kabla ya kulitia ndani, akakuta kikonyo, akakikata. Ilikuwa kazi ya polepole, lakini iliwezekana. Nilisikia baadaye kwamba kwa njia hiyo alichuma misimu mingine miwili. Siku zile za mwanzo, ukungu ulipokuwa mzito na vidole vimekufa kwa baridi, kimoja kimoja kilimponyoka.

Ndipo mzigo uliporudishwa kutoka Nakuru, magunia yameota ukungu. Labda ilikuwa vikonyo. Labda ilikuwa mvua iliyolikuta lori njiani. Lakini mvua hakuna aliyeiuliza. Bwana mkubwa alimgombeza nyapara mbele ya nyumba kubwa, tukasikia mpaka mistarini, na nyapara aliteremka akitafuta wa kumgawia yale maneno.

"Tangu huyu aache kumwaga," akasema mbele ya wote, kidole kwangu, "shamba limelegea. Kuanzia leo debe lenye kikonyo linamwagwa. Na nitasimama hapa nione."

Akasimama. Madebe yakapita, moja, mawili, matano. Mimi natia mkono na kutoa, na miguu yangu haitulii, kwa sababu nilimwona yule mama kwenye foleni. Alipofika aliteremsha debe lake mwenyewe. Nilitia mkono mpaka chini, kwenye maua ya asubuhi, maua ya baridi. Konzi ilitoka na vikonyo vinne. Nilitaka kuifunga, lakini nyapara alikuwa ameshaona.

"Mwaga."

"Nimeviona," nikasema. "Nitachambua naye sasa hivi, hapa pembeni."

"Sijauliza nani atachambua. Nimesema mwaga."

Yule mama akanigusa kiwiko.

"Mwaga, mama," akasema. "Yangu ilimwagwa sana. Haiumi."

Alikuwa ananisaidia, najua. Lakini mimi niliona kitakachofuata. Maua yakishamwagwa atapiga magoti, na akipiga magoti atalipapasa turubai zima mbele ya watu wote, na nyapara atasimama pale na kuona kwamba haoni. Jina lake lingetoka kabla jua halijazama, na lile lori lingekuja na kwake.

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye rundo la kuni, amemleta mtoto anyonye. "Mama watoto," akasema kwa sauti ya chini, "mwaga twende nyumbani."

Nyumbani. Niliuona ule mwiko. Niliwaona mbwa wa mama mkwe.

Nikaliweka debe chini nyuma yangu, nikasimama mbele yake.

"Debe la mtu simwagi," nikasema. "Kama ni kuhama, nitahama."

Nyapara alinitazama kama mtu aliyeng'atwa na kuku. Akageuka akapanda kilima kumwita bwana mkubwa. Alipokuwa anapanda, nilipiga magoti mwenyewe, nikatia mikono ndani ya debe. Mume wangu akampa mtu mtoto, akapiga magoti upande wa pili na vidole vyake vitatu. Alikuwa amenuna, lakini vidole vilikwenda. Mkono mwingine ukaingia katikati yetu. Ulikuwa wa yule mwanamke aliyelikanyaga ua langu. "Sogea, Mama Mboga," akasema, "unanizibia mwanga."

Walipoteremka, debe lilikuwa safi kuliko yote ya siku ile. Nyapara alitia mkono akatoa konzi, akatia tena, akatia ya tatu. Kisha akamweleza bwana mkubwa kwamba vikonyo viwepo visiwepo, mkaguzi amekataa amri mbele ya shamba zima, na akiachwa leo, kesho nani atasikia. Katika hilo naweza kusema hakudanganya.

Bwana mkubwa alikuwa mtu wa uso mwekundu, hakuwa na haraka. Alinitazama mimi, akalitazama debe.

"Leta debe hapa," akaniambia, akionyesha turubai tupu. "Mwaga hii moja tu. Kwisha. Wewe rudi kazi."

Nilijua ananirahisishia. Moja tu, debe safi, hakuna wa kuchambua. Ila nyapara angesema chambua hata hivyo, na yule mama angepiga magoti.

Nikatikisa kichwa.

"Wewe nasema nini kwa nyapara?" akauliza. "Mimi nataka sikia."

Nyapara alikuwa ameshafungua kitabu kwenye ukurasa wa mbele, kidole juu ya jina langu. Mtoto alikuwa ameanza kulia, na mume wangu akamchukua akamweka begani, akatazama barabara. Yule mama alikuwa amesimama kando yangu, macho yake yameelekezwa mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nikarudia kama nilivyosema, ila polepole, ili mzungu asipoteze neno.

"Debe la mtu simwagi. Kama ni kuhama, nitahama."